Mume Tuligawana, Mama Mkwe Hapana

Mume wangu alipooa mke wa pili sikuvunja sahani. Majirani wa mtaa wetu wa Jadida, hapa Wete, walinisubiri nivunje. Walipitapita mlangoni kwangu kwa kisingizio cha kumjulia hali mtoto, nami nikawajibu mtoto hajambo, anaota meno, karibuni chai. Zamu akawa kwangu Wete, zamu akawa Ole kwa yule bibi harusi wake, na mimi nikanyamaza, maana mume mwenyewe, tuseme kweli, hata kabla hajaoa mara ya pili nilikuwa naye nusu. Mchana wote anachomelea mageti, jioni yuko barazani na wenzake. Nikampa mwenzangu hiyo nusu nyingine.

Kilichonichoma ni mama yake.

Mama mkwe wangu anakaa kwangu. Chumba chake kinatazama uani, na nilikipaka chokaa mwenyewe kabla hajahamia. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa skuli, na nilipoolewa nilikuja katika nyumba hii sina mtu wa kuniambia hata mchuzi umezidi maji. Huyu bibi ndiye aliyeniambia. Nilipozaa mwanangu wa kwanza alinikalia arobaini nzima. Asubuhi maji ya moto na majani ya mpera, jioni maji ya moto, akinikanda mgongo na nyonga kwa vidole vyake vigumu vya mchuma karafuu, akinifunga mkaja tumboni mpaka nahisi nimepata mwili mpya. Nililia ile siku ya kwanza. Akaniuliza, "Nakuumiza?" Nikasema hapana. Nililia kwa sababu sikuwahi kushikwa namna ile tangu mama alipokufa. Nikajiambia huyu sasa ni wangu.

Kisha akaja yule wa Ole.

Akija kwetu siku ya Ijumaa, mama anacheka kabla hajaingia ndani. "Mwanangu huyo!" Mwanangu! Mimi ananiita "we mtoto." We mtoto lete maji, we mtoto funga dirisha. Yule anakuja na sahani yake imefunikwa kawa, ndani mna papa wa chumvi wa nazi, mama anakula mpaka analamba vidole, huku chungu changu kimekaa jikoni kama mgeni asiyekaribishwa. Nilikuwa nahesabu vicheko. Wallahi nilihesabu. Nilijua akicheka kwa ajili yangu ni kicheko cha namna gani na akicheka kwa ajili ya yule ni cha namna gani, na cha yule kilikuwa kirefu zaidi.

Kwa hiyo msiniambie sikumwangalia. Mtu mwenye wivu anaangalia kuliko daktari. Mimi ndiye niliyeona, kabla ya mwanawe wa kumzaa, kwamba mama akitoka uani kupanda zile ngazi za mlango wa nyuma anasimama katikati na kujitia anafunga kanga upya. Kanga haijafunguka. Anaifunga tu, apate kuvuta pumzi. Niliona viatu vyake vya mpira vinamwachia alama za mikanda juu ya miguu. Niliona mito imeongezeka kitandani mwake, mpaka akawa halali tena, anakaa ameegemea kama mtu anayesubiri gari.

Nikimuuliza anasema, "Uzee huo, we mtoto."

Nikamwambia mume wangu. Akanijibu, "Mbona jana kachambua karafuu tangu asubuhi mpaka Magharibi, hakusema kitu?" Na kweli. Ukimkalisha mama juu ya jamvi na rundo la karafuu mbele yake, atenganishe punje na makonyo, vile vijiti vyake, alikuwa mzima kabisa. Anachambua, anasengenya, anaimba. Mwambie ainuke achote ndoo ya maji, hapo ndipo anapogeuka mtu mwingine. Majirani wakaanza kusema kwamba bibi amechoka kazi za nyumba ya mke mkubwa wa mwanawe. Mke mkubwa ndiye mimi. Yaani anajitia mgonjwa kwa sababu yangu, maana kule Ole hajawahi kuonekana akihema. Akienda Ole anakalishwa kitako na kupewa papa wa chumvi, atahema kwa lipi?

Siku mume alipokubali tumpeleke hospitali nilifurahi kama nimeshinda kesi. Yule wa Ole wakati huo alikuwa na mimba kubwa, hakuweza kuja. Nikafurahi na hilo pia.

Daktari alikuwa msichana, labda rika langu, mtandio umebanwa vizuri. Akamuuliza mama presha ameanza lini. "Tangu huyu mwanangu yuko skuli," mama akasema, akimwonesha mume wangu na ndevu zake. Vidonge anameza? "Nameza. Kichwa kikiuma." Na kisipouma? "Kisipouma nameza cha nini, mwanangu?" Hata yule daktari akaitwa mwanangu. Nilijikaza.

Wakamlaza ubavu, wakampaka dawa ya baridi kifuani, wakampitisha kile kidude cha mashine ya picha, na moyo wa mama ukaonekana pale kwenye kioo, unafunguka na kufumba, mweusi na kijivu. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, mchoro wa moyo nimeuchora mara nyingi kwa penseli, vyumba vinne, rangi nyekundu huku na buluu kule. Sikujua kwamba ukiuona wa mtu unayempenda utataka kufumba macho.

Daktari akasema, "Kusukuma unasukuma vizuri sana."

Mume wangu hakusubiri neno la pili. "Alhamdulillahi!" Akatoka nje na simu, namsikia dirishani anaipigia Ole: "Mama mzima! Moyo unasukuma kama wa kijana!" Hiyo ndiyo habari iliyokwenda Ole, ikatoka Ole ikazunguka hadi Gando kwa shangazi zake. Mama mzima. Kumbe alikuwa anajitia tu.

Mimi nilibaki. Nikamuuliza daktari, kama unasukuma vizuri, kwa nini mama anahema akipanda ngazi? Akaivuta stuli yake karibu. Akasema moyo una kazi mbili. Kukaza, ili damu itoke, na kulegea, ili damu iingie. Watu wote wanaulizia kukaza. Wa mama unakaza sawasawa. Kulegea ndiko umeshindwa. Miaka yote hiyo ya presha ulikuwa unasukuma dhidi ya kitu kizito, kuta zake zikafanya unene, zikakakamaa, sasa ukimaliza kukaza haurudi kuwa laini. Damu inakuja, inakuta mlango uko wazi lakini chumba kimebana. Inaingia kidogo. Inayobaki inarudi nyuma ilikotoka, kwenye mapafu, na maji yanaanza kuchuja humo, na mengine yanateremka miguuni.

"Lakini akikaa hana neno," nikasema.

"Akikaa moyo unakwenda polepole. Unapata muda wa kujaa. Akiinuka kufanya kazi, moyo unakwenda mbio, muda wa kujaa unapungua, na huu wake unahitaji muda zaidi kuliko wangu na wako. Hapo ndipo anapokosa pumzi. Hajitii."

Hajitii. Neno hilo nililibeba kama mtu aliyepewa hati ya kiwanja. Akatupa dawa ya kumkojoza ili maji yapungue, vidonge vya presha vya kila siku kichwa kiume kisiume, chumvi akasema iondoke, atembee kidogo kidogo asikae tu, lakini asibebe vitu vizito wala asijichoshe. Na papa wa chumvi? nikauliza, kwa sauti kubwa kidogo. "Huyo ndiye wa kwanza kumwacha." Mungu anisamehe, nilikaribia kumbusu yule msichana.

Nyumbani nilikaa na mume wangu nikamweleza. Hakuelewa. Anasema daktari mwenyewe kasema unasukuma vizuri, yeye kwa masikio yake. Nikachukua kile kipira cha kuvutia makamasi ya mtoto. Nilikuwa na viwili, kimoja kipya na kimoja kilichosahaulika juani uani mpaka kikakauka. Nikatia kile kipya kwenye bakuli la maji, nikakibonyeza, nikakiachia, kikafura, kikavuta maji mpaka kikajaa. Nikamwambia abonyeze kile cha zamani. Akabonyeza kwa nguvu zake za kuchomelea mageti. Kikabonyea. Akakiachia, kikabaki kimebonyea, kikavuta tone.

"Umeona? Kubonyea kinabonyea. Kufura ndiko hakiwezi."

Akakitazama. "Sasa mama yangu ndiye kipira cha makamasi?"

"Moyo wake."

"Basi tumnunulie dawa, yaishe."

"Dawa ipo. Lakini haendi Ole."

Hapo ndipo penyewe. Mwenzangu alikuwa karibu kujifungua, mimba ya kwanza, na mama alikuwa ameshatia kanga zake kwenye mkoba aende kumkalia arobaini kama alivyonikalia mimi. Kwani yule hana mama? Anaye! Yuko Tanga, ameolewa huko, anakula, anapanda basi, ana miguu miwili. Mimi nilikuwa yatima. Yule amekosa nini? Nilipofikiria vile vidole vinamkanda yeye mgongo, maji ya majani ya mpera yanachemka kwa ajili yake, niliona giza.

Mama akasema kutoka chumbani kwake, "N'takwenda. Mwanamke hazai akakaa pweke kama paka."

"Mama, kukanda ni kazi nzito. Kuinua sufuria, kuinama, moshi. Daktari kasema."

"Daktari kasema moyo mzima."

"Hakusema mzima! Kasema unasukuma!"

"Basi mie n'taka nini tena? Usukume."

Jioni yule wa Ole akapiga simu. Sauti yake laini laini, ile inayompendeza kila mtu. "Dada, nimesikia unamzuia mama. Kwa ajili yangu?"

"Ndio."

Hakulitarajia. Akasema, "Wivu huo, dada."

"Ndio, wivu," nikamwambia. "Na mapafu yake yana maji. Yote mawili ni kweli, chagua unalolitaka."

Akakata simu. Shangazi mmoja wa Gando akanitumia ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba ya Ijumaa, kwamba mimi nina moyo mgumu. Nikamjibu kwamba mwenye moyo mgumu ni wifi yake, una kuta nene, nimeuona kwenye mashine, na kama anataka kusaidia aache kumpikia kwa munyu.

Nilimpikia mama bila chumvi. Ndimu, kitunguu thomu, pilipili mbuzi, bizari, nazi, kila nilichokijua. Akionja, anaweka kijiko chini. "We mtoto, huu mchuzi au maji ya kuoshea samaki?" Vidonge namsimamia mpaka ameze, nafungua mdomo wangu naye afungue wake, kama ninavyomfanyia mwanangu. Miguu ikaanza kupungua. Kila asubuhi nilikuwa napiga magoti mbele yake, nabonyeza ugoko wake kwa kidole gumba, naachia. Shimo likikaa, maji yapo. Shimo likirudi upesi, tumeshinda. Alikuwa ananinyooshea mguu mwenyewe bila kuambiwa. Hicho kitu hakufanya na mtu mwingine yeyote, na mimi nilikuwa naamka mapema kwa ajili yake.

Kisha nikampeleka mtoto kliniki kuchanjwa, na niliporudi chumba kilikuwa kitupu. Mkoba haupo. Uchungu umemwanza mwenzangu, mume kaja na gari ya rafiki yake, mama kapanda mbele.

Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda Ole. Njiani karafuu zimeanikwa pembezoni mwa barabara, harufu yake tamu inanikera, maana kila kitu kilinikera. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimepanga kuyasema mbele ya majirani wa kule wote, mlango kwa mlango.

Niliingia uani nikakuta sufuria kubwa imepinduka, maji yanafuka mvuke ardhini, majani ya mpera yametapakaa. Mama alikuwa ameiinua mwenyewe. Kwa haraka, kwa hofu ya uchungu wa yule, kwa kupita huku na huku. Alikuwa chini, amekaa, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka, anataka kusema kitu na neno haliishi. "We... we m..." Uso umelowa jasho. Na nyuma yake, ameketi chini na tumbo lake lile, miguu ameitandaza huku na huku, alikuwa mwenzangu. Kamkalisha mama wima, kamwegemeza kifuani pake, anampepea kwa pindo la kanga. Uchungu unamshika, anauma mdomo, hamwachii.

"Nikimlaza anazidi," akaniambia. "Nimemkataza asilale. Sawa, dada?"

"Sawa," nikasema.

Na hata pale, nawaambieni, hata pale, mama anazama na pumzi hazimo, nilichofikiria kwanza ni kwamba pale nyuma ya mgongo wake ni mahali pangu.

Wote wawili walikwenda hospitali kwa gari moja, ile ya rafiki wa mume wangu. Mmoja akapelekwa wodi ya wazazi, mmoja akachomwa sindano ya kumkojoza na kutiwa hewa puani. Mtoto wa kike akazaliwa kabla ya Alasiri. Mama alipoanza kupata maneno mazima, nilidhani ataniomba maji. Akasema, "Kazaa?"

"Kazaa. Msichana. Wazima."

"Nani atamkanda?"

Nilimrekebishia mto.

"Mama yake hatakuja," akasema. Alikuwa ananena kipande kipande, anapumzika katikati. "Kanambia... kwenye simu. Mumewe wa kule... hataki. N'kitoka hapa n'takwenda."

"Hutakwenda."

"N'takwenda, we mtoto. Hata kwa kutambaa."

Na nilimjua. Angetambaa. Nilimtazama pale na ile mirija puani, nikaona wazi kabisa yaliyoko mbele: anatoka hapa, anangoja nigeuke, anachukua mkoba. Safari hii hakuna mtu wa kumwegemeza. Nilikuwa nimekasirika mpaka meno yananiuma. Nikasema, na sikulipanga neno lile, lilitoka lenyewe kwa hasira:

"Basi yeye aje kwangu."

Mama akanitazama.

"Aje Jadida. Alale chumba changu. Wewe utakaa kwenye kiti, hutainua hata kikombe. Utasema kwa mdomo. Mikono itakuwa yangu."

"We utamkanda?"

"Mimi."

Akafumba macho. Nikadhani amelala. Kumbe anacheka, kidogo kidogo, asije akakatika pumzi. "Utamvunja mbavu," akasema.

Sasa tuko katikati ya arobaini yake. Wete nzima imekuja kunitazama, wanajitia wamekuja kumwona mtoto. Asubuhi nachemsha maji, nammwagia mwenzangu bafuni, namlaza juu ya mkeka, nampaka mafuta ya nazi mgongo ule mzuri mweupe ambao sikutaka kuujua. Mama kwenye kiti chake, miguu juu ya stuli, anatuamrisha wote.

"Si hapo. Teremka. Kwa kiganja, si kwa ngumi."

"Natumia kiganja."

"Dada," yule anasema, uso umezama kwenye mto, "unanikanda au unanipiga?"

"Nikikupiga utajua."

Mama anacheka. Nasikiliza kicheko chake mpaka mwisho kuona kama pumzi inatosha. Inatosha. Sijui tena kinachekwa kwa ajili ya nani, na nimejaribu sana kujua.

Chakula ni kimoja, chungu kimoja, hakina chumvi, mzazi anakula, mwenye nyumba anakula, mume akiwa zamu kwangu, ambayo sasa ni zamu kwetu sote, anakula na uso wake umekunjamana. Papa wa chumvi hapiti mlango huu. Aliletwa mara moja na yule shangazi wa Gando, na aliyemrudisha si mimi. Ni mwenzangu, na kanga yake kiunoni, kwa ile sauti laini laini. "Shangazi, moyo wa mama haulegei," akamwambia, "ukimpa huyu unamjaza maji." Kisha akaja kuniuliza kama amesema sawa. Nilimwonesha na kile kipira. Amekiweka karibu na mtoto wake, kile kipya, na kile kilichokauka amekining'iniza msumarini, anawaonesha wageni.

Mama bado anamwita mwanangu. Mimi bado ni we mtoto.

Leo asubuhi nilipiga magoti mbele ya kiti kama kawaida. Mama akaninyooshea mguu. Nikabonyeza ugoko, nikaachia, shimo likarudi taratibu, si upesi kama juzi, na nikaanza kufikiria kama jana alikunywa maji mengi, au alishuka ngazi wakati naosha nepi. Mwenzangu akaja na mtoto begani, akainama, akatazama.

"Nami nifundishe, dada," akasema, na akanyoosha kidole.

Nilimshika mkono kabla haujafika.

"Mwachie naye ajue," mama akasema. "Siku ukiwa hupo?"

"Nitakuwepo," nikasema.

Nikahamia mguu wa pili, nikabonyeza mwenyewe.